Kamera Iliyouzwa Bila Kuondoka

Mguno ndio uliomgeuza Mselemu shingo. Alikuwa amesimama kivulini nje ya duka la vifaa vya umeme, mjini Singida, begi lake jeusi begani, akitafuna karanga. Mbele ya kioo cha duka mama mmoja wa makamo, kitenge kipya, pochi kubwa kwapani, alikuwa anatazama kamera. Akasoma bei ya ile ya kwanza, akaguna. Akasoma bei ya ile ya pili, akaguna kwa sauti zaidi.

Mselemu aliijua miguno. Mguno wa mtu asiye na hela ni mfupi, na mwenyewe anaondoka. Mguno wa mtu mwenye hela asiyetaka kuachana nazo ni mrefu, na mwenyewe anabaki pale pale. Huyu mama alibaki pale pale.

Akazitupa karanga, akajifuta midomo, akasogea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kwa kukuingilia. Ukinunua hapo utakuwa unalipia kioo, mama, na taa, na yule dada anayechezea simu ndani. Kamera yenyewe utakuwa umeongezewa tu."

Mama akacheka. Alijitambulisha kwa jina la Dorkas, mtu wa Mungaa. Mselemu naye alijitambulisha kwa jina la Abdulmajidi, ambalo alikuwa amelichagua asubuhi hiyo hiyo kwa sababu lilisikika kama jina la mtu mwenye duka.

"Unatafuta kamera ya kazi gani, mama?"

"Ya familia tu. Ila iwe ya kuvuta. Mtu awe kule mbali, mimi nimvute aje hapa."

"Unamvizia nani?"

"Mama yangu mzazi." Dorkas akashusha pumzi. "Ukimkaribia na simu, anajifunika kanga uso mzima. Ametuzaa, ametulea, sasa macho yanaanza kumwishia na hatuna picha yake hata moja. Iliyopo ni ya kitambulisho, na pale amenuna kama mtu anayetaka kumshtaki mpiga picha. Jumapili ukoo wote unakuja nyumbani. Nataka nimpige kutoka mbali, acheke, asijue."

Mtu mwenye moyo angeguswa. Mselemu aliguswa pia, ila aliguswa mahali tofauti. Akafungua begi lake na kutoa kamera.

Hapa inabidi tuseme neno la heshima juu ya kamera hiyo. Ilikuwa nzima, tena nzuri. Ukiiwasha, lenzi ilitoka taratibu kama kobe anayechungulia mvua. Ukibonyeza, ilivuta kitu cha mbali hadi ukaona vifungo vya shati. Na ilikuwa imeuzwa Manyoni, ikauzwa Ikungi, ikauzwa Mtinko kwenye mnada, na baada ya mauzo yote hayo ilikuwa bado iko kwa Mselemu. Mteja aliijaribu, akaipenda, akaona kwa macho yake ikiingia kwenye boksi. Kisha Mselemu aliinama kutafuta selotepu begini, na boksi lililoinuka kufungwa halikuwa lile lililoshuka. Lililoinuka lilikuwa na kipande cha tofali kilichoviringishwa kwa taulo, ili kisigonge.

"Zumu ya kweli hii," alisema. "Usidanganywe na hizi zinazokuza picha mpaka uso wa mtu unakuwa kama ugali uliomwagika. Ya kweli ni lenzi itoke. Umeiona imetoka?"

"Imetoka." Dorkas aliishika kwa mikono miwili. "Na mkono ukitetemeka?"

"Inatulia yenyewe."

"Betri yake?"

"Mnakula, mnacheza, mnalala, yenyewe bado inadai picha."

"Na bei?"

Mselemu akataja bei. Ilikuwa chini sana kuliko ya dukani, lakini si chini kiasi cha kutia shaka. Kuipata bei ya namna hiyo ni ufundi, na mafundi wake ni wachache mkoani. Dorkas akaguna tena, lakini safari hii ulikuwa mguno wa kukubali.

"Sawa. Ila lazima niijaribu mbali."

"Jaribu hapa hapa, mama. Vuta kile kibao kule."

"Kibao hakicheki. Na hapa watu wamejaa, kila kitu kiko karibu. Twende kule ziwani. Mungaa ni mbali, mwanangu. Nikifika nyumbani ikakataa, nitarudi kumlaumu nani?"

Swali hilo Mselemu hakupenda kulijibu. Wakapanda bajaji hadi Ziwa Singidani, na Dorkas akamwomba dereva asubiri.

Upepo ulikuwa mkali pale ziwani, na mawe makubwa yalikuwa yamebebana ufukweni. Dorkas aliwasha kamera, lenzi ikatoka. Halafu akaanza kuhangaika: pochi kwapani inateleza, kitenge kinapeperuka, kamera mkononi inayumba.

"Hebu nishikie, mwanangu."

Akamkabidhi pochi. Lakini kabla ya kumkabidhi aliifungua kidogo ili atoe leso, na Mselemu akaona. Aliona bunda nene la noti nyekundu, limebanwa kwa raba. Zipu ikafungwa, pochi ikawa mikononi mwake, nzito kama mtoto aliyeshiba.

Kichwa cha Mselemu kikaanza kufanya kazi kwa kasi. Hela zile zilikuwa za kamera kadhaa. Mama macho yake yatakuwa kwenye kamera. Mawe yako nyuma, na nyuma ya mawe kuna njia ya kupandia barabarani. Angeacha kamera, ni kweli, na kamera ile ilikuwa imemlisha vizuri. Lakini hata mke mwema huachwa mtu akiona kimada mnene.

"Simama hapo nikupige," alisema Dorkas. "Rudi nyuma kidogo."

"Hapa?"

"Nyuma zaidi. Nataka nione inavyovuta."

Mselemu akarudi nyuma kwa furaha. Pochi aliikumbatia kifuani, meno yote nje.

"Tabasamu, mwanangu! Eeh, hivyo hivyo! Umetoka kama bwana harusi! Rudi tena!"

"Nafaa?"

"Unafaa sana! Rudi!"

Haijawahi kutokea, kwa kadiri msimulizi huyu ajuavyo, watu wawili wakaachana kwa moyo mkunjufu namna ile. Mselemu alirudi nyuma akitabasamu. Dorkas naye, jicho kwenye kamera, alikuwa anarudi nyuma taratibu kuelekea kwenye bajaji. Kila mmoja alimwonea mwenzake huruma.

Alipoufikia mwamba wa kwanza Mselemu akapunga mkono. Alipoufikia wa pili akajibanza nyuma yake, akavua viatu, akatimua mbio. Alikimbia akipanda kilima, soksi zikichanika, moyo unacheka. Alisimama juu kabisa, karibu na barabara, akakaa chini ya mchongoma na kufungua zipu.

Noti ya juu ilikuwa halali. Akaibusu. Ya pili ilikuwa karatasi ya kalenda, mwezi wa Machi. Iliyofuata ilikuwa Aprili. Alikwenda hadi Desemba, kisha akakuta kalenda ya mwaka mwingine. Chini ya kalenda kulikuwa na jiwe laini la kusagia, kwa ajili ya uzito.

Aligeuka kutazama ziwani. Ufuko ulikuwa mtupu. Bajaji ilikuwa inaingia mjini, ndogo kama kidonge, na kutoka pembeni mwake kulikuwa na kitu kinachometameta kikimwelekea yeye.

Akasimama, akapiga kelele, "Mwizi!" Wachunga mbuzi wawili wakaja mbio kumsaidia.

"Kaiba nini, kaka?"

Mselemu akaitazama pochi iliyokuwa mikononi mwake. Aseme kaibiwa kamera? Wangemuuliza kwa nini yeye ndiye aliyekimbia, tena na pochi ya mwanamke. Aende polisi? Begini mwake lilikuwamo boksi lenye tofali, na tofali halina maelezo mafupi.

"Hamna kitu," alisema. "Nilikuwa nafanya mazoezi."

Kwenye bajaji, Dorkas alikuwa amempigia simu mdogo wake Antipasi wa Mtinko. Antipasi ndiye aliyeuza mbuzi wake wawili, akanunua kamera hiyo hiyo pale mnadani ili mama yao apigwe picha, akafika nyumbani na tofali. Hakula siku nzima kwa aibu. Mkewe alikuwa anamwuliza kila asubuhi kama tofali limepiga picha nzuri.

"Nimeipata," Dorkas alisema. "Mtu mwenyewe ni kama ulivyonieleza, hata begi."

"Umemlipa?"

"Si ulishamlipa wewe? Nimemwongezea noti moja ya nauli. Mtoto wa watu."

Antipasi alicheka hadi simu ikamponyoka.

Jumapili ukoo ukajaa Mungaa. Bibi Evodia, mama yao, alikaa uani anapepeta mtama, wajukuu wamemzunguka, mmoja akamwambia jambo sikioni, bibi akacheka kicheko kikubwa, kichwa nyuma, jino lake moja la mbele likang'aa. Dorkas alikuwa mbali, amejificha nyuma ya zizi. Akavuta. Akabonyeza. Akakuta machozi yanamzuia kuona vizuri, akabonyeza tena.

Jioni wakamwonyesha. Bibi aliisogeza kamera puani, akaisogeza mbali.

"Huyu bibi ni nani? Anacheka vizuri."

"Ni wewe, mama."

Akaisogeza tena puani. Watu wakaogopa atakasirika. "Kumbe," alisema mwishowe, akapangusa kioo kwa ncha ya kanga. Kidole chake kikabonyeza kitufe bila kujua, na picha ikabadilika. Akatokea kijana anatabasamu ziwani, pochi kifuani. Ikafuata nyingine, ya mgongo wa kijana huyo huyo, na soksi tu, anapanda kilima.

"Na huyu?"

"Ndiye aliyetuuzia kamera."

"Bei yake ilikuwa ya kuridhisha?"

"Sana, mama."

"Anaonekana kijana mwema, ila ana haraka. Mlimpa nakala? Mtu akipigwa picha apewe nakala. Msiwe wachoyo."

Dorkas akaahidi, na aliyemwahidi ni mama yake, kwa hiyo alitimiza.

Siku ya mnada Ikungi, Mselemu alitandika turubai lake chini ya nguzo karibu na mlango wa mnada, bila kutazama juu. Sasa alikuwa anauza saa zisizoingia maji. Sauti ilikuwa ile ile tamu, na watu walijaa haraka, kuliko siku zote. Lakini hakuna aliyetazama saa. Walimtazama yeye, wakatazama juu ya kichwa chake, wakamtazama tena, wengine wameziba midomo.

"Karibuni, msiogope, mkono wangu ndio dhamana yenu!" alisema, na mama mmoja akacheka hadi akakaa chini.

Mselemu akageuka. Kwenye nguzo ilikuwapo picha yake, kubwa, safi, imevutwa hadi kila jino linahesabika. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nene, kwa mwandiko wa adabu: "Nakala yako, mwanangu. Asante kwa bei nzuri."