Kaka Ademar na Dawa Yangu ya Tumbo

Jumapili, 3 Machi
Soko la Salto limenitambua. Dawa yangu ya kupunguza tumbo imepata shahidi: kaka yangu Ademar. Zamani alijaa mlangoni, sasa mkanda wake umetobolewa matundu mapya. Nimemsimamisha mezani pamoja na picha yake ya zamani. Nélida, muuza mitishamba jirani yangu, amenuna. Safi sana. Ukweli ni kwamba Ademar hajawahi kuonja dawa yangu. Amekonda tu. Nani atauliza?

Jumatano, 6 Machi
Tatizo. Shahidi hali chakula. Nimemchomea nyama, akaisukuma. Anasema tumbo linamuuma mpaka mgongoni, na akilala chali ndiyo zaidi. Halafu zahanati wamemkuta na sukari, ghafla, uzeeni. Nimemshauri asiitaje sokoni. Anajikuna pia. Nimempa shati la mikono mirefu na miwani ya jua.

Jumapili, 10 Machi
Nélida amemvua miwani. Mbele ya wateja! Macho ya manjano kama kiini cha yai. Akamuuliza kuhusu mkojo. Ademar, mtu asiyejua kudanganya, akajibu kwamba ni mweusi kama chai ya rangi, na choo kimepauka, kinaelea. Wateja wakarudisha pakiti zao za dawa. Nikamwambia Nélida huo ni wivu wa biashara.
“Wilmar,” akasema, “huyu hakondi, huyu anaisha. Mpeleke hospitali sasa hivi, la sivyo nampeleka mimi.”
Amempeleka yeye. Mimi nilibaki kulinda meza.

Jumanne, 12 Machi
Saratani ya kongosho. Uvimbe umeziba njia ya nyongo. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena. Ademar alinishika mkono. “Mdogo wangu,” akasema, “mimi nilidhani dawa yako inafanya kazi kwa harufu tu.”
Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi. 

Jumatatu, 18 Machi
Wamempasua. Daktari haahidi kitu, ila anasema wengi hufika wakati hakuna tena cha kukata. Akaniuliza marehemu baba aliugua nini. Nikamwambia: kongosho. Akaniuliza kama navuta sigara. Pakiti moja kwa siku, nikasema, mbili nikiwa na mawazo. Akasema kwa damu hiyo na moshi huo niache leo, na Alhamisi nije nipimwe.
Nimemshukuru kwa dhati. Nimeshtuka sana, kwa hiyo nimewasha sigara ili nifikiri vizuri. Na wazo limekuja: dawa ya kulinda kongosho. Hata Nélida hana.
Alhamisi sitaweza kwenda. Nachemsha.