Malalamiko ya Sindano Kuhusu Kusamehewa Hewani

Kwa Ndugu Mhariri wa Vipindi,

YAH: MSAMAHA NILIOPEWA REDIONI BILA KOSA WALA RIDHAA YANGU

Ndugu Mhariri,

Pokea kwanza heshima zangu, na nichukue nafasi hii kukuhakikishia kwamba redio yako inasikika vizuri sana mtaani kwetu. Ingekuwa inasikika vibaya, nisingekuwa na sababu ya kukuandikia.

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kiko katikati ya fundi viatu na duka la vyombo vya plastiki. Watu huniita Sindano kwa sababu ya kazi yangu, ingawa mdogo wangu huwaambia wateja wake kwamba ni kwa sababu ya ulimi wangu. Huyo mdogo wangu ni mwoka keki, yuko mtaa wa pili, na yeye huitwa Sukari. Jinsi yeye alivyopata jina lile na mimi nikapata hili ni malalamiko mengine, ambayo nitayapeleka ofisi nyingine.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa nimepiga magoti, pini mdomoni, nikipanga pindo la gauni la bibi harusi mtarajiwa. Redio ilikuwa kwenye rafu, juu ya nyuzi, ikitoa kipindi chenu cha salamu. Ghafla mtangazaji wenu, yule mwenye sauti nzito, akasema hivi: "Salamu hizi ni za Sukari, mwoka keki, zimfikie dada yake mpenzi, Sindano, fundi cherehani, ambaye amemsamehe kwa moyo mweupe." Halafu akaweka muziki, kama mtu aliyemaliza kazi.

Bibi harusi akaniangalia kutoka kule juu. "Fundi," akasema, "kumbe ulikuwa na mambo?"

Sikuweza kumjibu kwa sababu ya pini. Kwa hiyo nakujibu wewe, kwa mpangilio ufuatao.

1. Kosa halikutajwa. Mimi si mtu wa kukataa msamaha, lakini hata mahakamani mtu husomewa shitaka kwanza ndipo aachiwe. Mimi nimeachiwa bila kushitakiwa. Ndugu Mhariri, aliyeachiwa bila kushitakiwa hana pa kukata rufaa.

2. Mpangilio wa familia umepinduliwa. Mimi ndiye niliyembeba yule mtoto mgongoni, nikamfuta kamasi, nikamfundisha kufunga kamba za viatu, na hadi leo anazifunga vibaya. Katika nyumba yetu msamaha umekuwa ukitoka kwangu kwenda kwake. Hakuna aliyeniarifu kwamba sasa unapanda mlima.

3. Wateja. Kwa kuwa redio haikutaja kosa, kila mtu amenichagulia lake. Fundi viatu anaamini niliuza kiwanja cha marehemu baba. Amekuja mlangoni, ameshika kiatu kimoja mkononi, akaniambia kwa upole, "Jirani, mali hutafutwa, ndugu hawatafutwi." Mwenye duka la plastiki yeye ameamua kwamba nilimnyang'anya mdogo wangu mchumba. Nilipomwambia kwamba Sukari hajawahi kuwa na mchumba ambaye ningemtaka hata kwa kulazimishwa, alitikisa kichwa na kusema, "Unaona? Bado una uchungu." Na mama mmoja ambaye nimemshonea tangu watoto wake wakiwa chekechea sasa anaomba arudishiwe vipande vinavyobaki. Hata vya kitambaa cha bitana! Vile vinavyobaki kwenye bitana, Ndugu Mhariri, havitoshi kufungia kidonda.

4. Mume wangu. Yeye ni dereva wa lori na siku hiyo alikuwa safarini. Masafa yenu, nawapongeza, yanafika hadi kule. Alinipigia simu na kuniuliza, kwa sauti laini ambayo hajaitumia tangu tulipooana, "Mke wangu, ulimfanya nini mwenzio?" Nikamjibu sikumfanya kitu. Nikasikia injini ikiunguruma, kisha akasema, "Sawa. Mimi pia nimekusamehe." Akakata simu. Hadi ninapoandika sijui yeye amenisamehe nini, na naogopa kuuliza nisije nikampa wazo.

5. Mama yetu mzazi. Alinipigia kabla muziki haujaisha. Alikuwa analia kwa furaha kwamba tumepatana. Nikamwambia, "Mama, hatukuwa tumegombana." Akasema, "Haya, usianze tena."

6. Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Nilivumilia hadi mchana, nikafunga mlango, nikaenda kwa Sukari mwenyewe. Nilikuta duka limejaa, kwa sababu watu hupenda kununua keki kwa mtu mwenye moyo mweupe. Nilikuwa nimekusudia kumwuliza kinagaubaga, mbele ya wote, amenisamehe kosa gani. Lakini fikiria, Ndugu Mhariri: dada mkubwa asimame mbele ya foleni aulize kosa lake? Ningekuwa nimekiri kwamba lipo. Kwa hiyo nilisimama nimekunja mikono, nikasubiri aone haya.

Hakuona haya. Alifuta mikono yake kwenye aproni, akazunguka meza, akanikumbatia na unga wake wote. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Ulisikia, dada?"

"Nilisikia," nikasema.

"Nilitaka watu wote wajue. Huu mzigo umekaa moyoni mwangu miaka na miaka. Leo nimepumua."

Foleni yote ikasema "Oooh," kwa pamoja. Mzee mmoja akavua kofia. Mimi nikabaki nimesimama pale, kifua kizima unga, nimegeuzwa mzigo uliotuliwa hadharani. Akanipa keki ya ndimu. Niliichukua kama kielelezo cha kuambatisha na barua hii. Samahani, kielelezo hakipo tena.

7. Na hili naliandika kwa unyonge: nimeanza kutafuta kosa lenyewe. Nikikanyaga cherehani, natafuta. Nikipiga pasi, natafuta. Nimerudi hadi utotoni, nimefungua kila chumba cha kumbukumbu yangu, na kila jambo baya nililomfanyia naona alilistahili. Juzi nilishona mkono wa kushoto upande wa kulia. Jambo hilo halijanitokea tangu nilipokuwa mwanafunzi. Mwenye shati alinifariji, akasema ndivyo dhamira inavyofanya kazi.

Ndugu Mhariri, kutokana na hayo niliyoyaeleza, naomba mambo matatu, na utanisaidia ukiyatimiza kwa utaratibu huu.

Kwanza, mtangaze kwamba fundi cherehani Sindano hana kosa, na kwamba msamaha uliotolewa ulikuwa wa ziada. Mtangazaji ni huyo huyo, sauti ni hiyo hiyo, na muziki usiwekwe haraka.

Pili, kama utaratibu wenu hauruhusu kurudisha msamaha uliokwisha kutolewa, basi nipewe nafasi na mimi nimsamehe yeye. Ila mimi nitataja makosa. Ninayo ya kutosha kipindi kizima, na mkitaka kufanya mfululizo nipo tayari, maana ndiye mtoto aliyekuwa akisema "tumekosa" kila alipokosa peke yake. Naomba saa ya jioni, watu wakiwa wameshatoka kazini.

Tatu, na hili nalisema kwa sababu najua ofisi zina mambo mengi: ikishindikana yote, basi nichagulieni ninyi kosa moja la heshima, mlitangaze, tuishi nalo. Lisiwe la wizi, kwa ajili ya wateja. Lisiwe la wanaume, kwa ajili ya dereva. Kiburi ningekikubali. Kiburi hakimharibii fundi jina, mradi pindo limenyooka.

Nisalimie wafanyakazi wenzako wote: dada anayesoma hali ya hewa, ambaye namwamini kuliko mawingu, fundi mitambo, mlinzi wa getini atakayepokea bahasha hii, na hata mtangazaji mwenye sauti nzito, kwa sababu yeye alisoma tu alicholetewa. Salamu kwa mdogo wangu situmi. Zake zinatutosha sisi wote.

Wako mwenye masikio yaliyochoka,
Sindano, Fundi Cherehani

Nyongeza baada ya sahihi: Ndugu Mhariri, nilikuwa natafuta bahasha Sukari alipoingia na aproni yake iliyochanika mfuko. Barua ilikuwa mezani. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye sauti ya mtangazaji alianza kucheka, akacheka hadi akakalia suruali za watu nilizokwisha kuzipiga pasi. Kisha akanionyesha simu yake. Ujumbe aliowatumia ulisema: "Namsalimu dada yangu mpenzi Sindano, ambaye amenisamehe kwa moyo mweupe." Amenisamehe. Yaani mimi ndiye niliyemsamehe yeye. Mtangazaji wenu alipousoma kwa niaba yake akasema "amemsamehe", na hapo simlaumu, ndivyo lugha yetu inavyotaka. Ila neno lile lina milango miwili, na mtaa mzima ulipitia mmoja.

Kwa hiyo kumbe niliyesifiwa ni mimi. Naondoa malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la saba.

Limebaki jambo dogo. Nilimwuliza, "Haya, mimi nimekusamehe nini?"

Kicheko kikakatika. "Si lile gauni, dada."

"Gauni lipi?"

Akanitazama, nikaona rangi inamtoka. Ndugu Mhariri, lilikuwa gauni la kijani, la kwanza nililolishona kwa mikono yangu tangu kukata hadi kifungo cha mwisho, ili nilivae siku ya kumaliza mafunzo ya ushonaji. Liliibiwa kwenye kamba ya nguo. Ndivyo nilivyoamini hadi leo mchana. Nikaenda kwenye sherehe na sketi ya kuazima. Kumbe huyu alilipiga pasi kwa siri alivae yeye, pasi ikakaa mgongoni, na alipoona moshi akalificha chini ya gunia la mkaa. Mwezi uliopita alinisikia nikisema, "Nguo ikiungua imeungua, anayekupenda hawezi kukununia kwa nguo." Akadhani najua siku zote, na kwamba nimeamua kuyamaliza kwa hekima yangu. Alijifungia stoo akalia. Mimi nilikuwa namwambia mteja niliyemchomea suruali.

Hivyo ukweli ni kwamba sijamsamehe. Ningemsamehe vipi wakati ndiyo kwanza nasikia? Nimemkalisha kwenye kigoda anatoa nyuzi za pindo, analia na kucheka kwa zamu, na ananielezea lile gauni kipande kwa kipande. Anaikumbuka kola, marinda ya kiunoni, hata kwamba kifungo cha tatu kilikuwa tofauti kidogo na vingine. Nilidhani hakuna mtu duniani aliyekiona kile kifungo.

Tafadhali barua hii isisomwe hewani. Mkitaka kusoma kitu Jumamosi, someni haya tu, herufi kwa herufi, na mtangazaji asigeuze chochote: "Mimi Sindano namsalimu mdogo wangu Sukari. Sijamsamehe. Nalifikiria. Aje Jumapili mapema, aje na keki ya ndimu."

Amesema kesho ananinunulia kitambaa cha kijani nilishone upya, na ameniuliza mtu mwenye mwili kama wangu anahitaji kitambaa kiasi gani. Nimemtajia kipimo cha wakati ule.