Malalamiko Juu ya Sakafu Unayotaka Kunitilia

Msambweni,
Ijumaa, baada ya swala.

Kwa Bwana Meneja wa Majumba ya Wageni, Diani,
ambaye pia ni mwanangu Mahir,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini nimechoka kuingoja hiyo shikamoo, nimeamua kuijibu kabisa. Tangu Idi ya Ramadhani hujatia mguu hapa. Mtu huondoka Msambweni amekunywa chai, akafika Diani ulimi haujapoa. Kibwana jirani yetu amekwenda Makka kuhiji, amerudi, ameniletea maji ya zamzam, na wewe bado uko Diani.

Hayo si malalamiko, hizo ni salamu. Malalamiko ni ya sakafu.

Anayeandika ni Kitsao, fundi uliyemtuma na boksi la sampuli nichague ya kutia sebuleni na chumba cha watoto. Mimi sikwenda shule, na yeye hana la kufanya mpaka nichague, basi nimempa kalamu. Nimemwambia aandike kila neno, hata yanayomuumiza.

Ulisema kwenye simu wajukuu wangu watakuja kulala kwangu likizo sakafu ikishakwisha, kwa kuwa saruji ya zamani imepasuka na mama yao anaogopea magoti yao. Wewe magoti yako yalichubuka juu ya saruji hiyo hiyo na umekuwa meneja. Hata hivyo nilitii. Nimejaribu kila kitu kwa haki, na haya ndiyo niliyoyaona.

1. Vigae vinavyong'aa. Kitsao alivipanga kumi sebuleni. Nikaweka mbuzi yangu juu yake, nikaikalia nikune nazi. Nilikuna mara moja tu. Mimi, mbuzi na nazi tukaenda hadi mlangoni. Dama wa nyumba ya pili alikuwa anapita, akapiga kelele, "Bimkubwa, safari ya wapi hiyo bila kuaga?" Kisha akaja kusimama juu ya vigae hivyo na leso yake moja, na kwa namna vinavyong'aa nikaona yasiyonihusu. Sitaki sakafu inayosengenya wageni.

2. Mkeka wa mbao. Nimesuka mikeka tangu sijaolewa. Huu nimeugeuza pande zote, sikuona ulipoanzwa wala ulipomaliziwa. Nikamuuliza Kitsao ni mbao ya mti gani. Akasema ni plastiki yenye picha ya mti. Sasa mimi nilale juu ya picha ya mti, kesho mtaniletea picha ya samaki nimle kwa wali?

3. Zulia, la chumba cha watoto. Mchanga wa Msambweni ukiingia kwenye zulia umeolewa, hautoki tena. Na mwanao Farhan bado anakojoa kitandani. Usimgombeze, wewe uliacha una miaka tisa na godoro nililianika mimi.

4. Mbao za kubandika. Kitsao anasema hazitaki maji, zikilowa zinavimba. Nyumba hii watu wanatawadha mara tano kwa siku na wanaingia na miguu yao ile ile. Hiyo si sakafu, huyo ni mgonjwa.

5. Vigae visivyong'aa, rangi ya mchanga. Hivi sikuviona kosa. Nikavishuku kwa hilo hilo.

6. Hili ndilo kubwa. Mlangoni mwa chumba cha watoto pana alama ya mguu wako. Ulikuwa na miaka miwili, marehemu baba yako ameshaisawazisha saruji, mbichi, ukachomoka ukaikanyaga. Alitaka kuifuta, nikamshika mkono. Mguu ule una vidole vitano, hauna mikutano, hauna wageni wa kupokea, na haujakosa siku hata moja katika nyumba hii. Wewe unataka nimfunike anayekaa, nimngoje asiyekuja.

Kwa hivyo naomba, kwa heshima ya cheo chako, uchague moja katika haya. Ama uache sakafu yangu ilivyo na uniletee watoto walivyo. Ama, ikiwa watoto hawawezi kukanyaga ila sakafu kama za Diani, ubomoe sakafu za majumba yote unayoyasimamia utie saruji iliyopasuka, wazoee huko huko. Wageni wako nitawahifadhi mimi mpaka kazi ikwishe. Mikeka ninayo. Ile isiyo picha.

Nisalimie mkeo Sumaiya, mwambie sina kinyongo, magoti yanapona. Nisalimie Farhan na Hadiya. Msalimie na Thoya, bawabu wenu, aliyenitaka kitambulisho na mimi nina kapu la maembe kichwani.

Ni mimi niliyekuzaa,
Bimkubwa (kidole gumba changu ni hicho hapo chini, hiyo nyingine ni saruji ya Kitsao)

Nyongeza: Kitsao amegoma kuitia barua kwenye bahasha. Anasema yeye ni mtu wa kanisani, hawezi kuandika kwamba hana la kufanya ilhali saruji ya kazi yangu haijamtoka kwenye kucha. Haya. Vigae vimetiwa tangu Jumanne, sebule na chumba, vile vya rangi ya mchanga. Nilivichagua siku ya kwanza, boksi halijafika chini. Ni vizuri mno. Dama huja kuvikalia kila alasiri, kumtoa ni kazi. Sikukwambia kwa sababu tangu uanze habari ya sakafu unanipigia simu kila siku, na zamani ulikuwa unapiga mwezi ukiandama. Niliona nikisema nimechagua, utashukuru kisha utanyamaza.

Kigae kimoja tu hakijatiwa, cha pale mlangoni. Saruji imebaki kidogo, nimeifunga vizuri isipate unyevu. Ukija, wavue watoto viatu tangu barazani. Kitsao atakoroga, Farhan na Hadiya wakanyage kando ya mguu wako. Na wewe vua. Nataka kuupima.