Flashi Yangu na Kope za Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimejifunga mwenyewe. Nimesema mbele ya familia kwamba Jumamosi nitampiga Mama picha akiwa amefumbua macho.

Nieleze kwa utaratibu. Mama hana picha hata moja yenye macho. Ya harusi yake, amefumba. Ya mahafali yangu ya ualimu, amefumba. Kwenye kitambulisho jicho moja linachungulia, lingine limesusa. Mwanga ukiwaka tu, kope zinashuka. Leo ametuambia wazi kwamba amechoka. Siku akifa tutatundika picha gani sebuleni? Watu watadhani alizaliwa amelala. Tukacheka. Yeye hakucheka. Akasema anataka moja tu, na watoto wake wamemzunguka, kabla hajafika huko anakokwenda.

Kaka Mkubwa anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Hajafika nyumbani miaka mingi. Haijulikani atakuja tena lini. Kwa hiyo ni Jumamosi au basi.

Shemeji, mume wa mdogo wangu, yule mfamasia, akasema simu yake inatosha. Simu! Nikamwambia hii ni kazi ya nuru, na nuru nimeifundisha darasani mpaka nikastaafu. Nina kamera ya kisasa, isiyo na kioo ndani. Nina pia flashi ndogo, ukubwa wa kipande cha sabuni. Waniachie mimi.

Wakaniachia. Nimeshindwa kula.

Jumanne, 4 Machi

Jaribio la kwanza, nyumbani, kwa mke wangu. Flashi juu ya kamera, uso kwa uso. Ametoka kama mtu aliyemulikwa na polisi akiruka ukuta. Uso mweupe, pua inang'aa, kivuli cheusi nyuma yake kama mshirika wake katika uhalifu. Nikamweleza kwamba taa ndogo iliyo karibu na lenzi hutoa mwanga mkali usio na huruma. Akasema asiye na huruma ni mimi, nimemtoa jikoni na mikono ya unga.

Nikainua kichwa cha flashi kitazame dari. Mwanga ukapanda, ukatawanyika, ukashuka taratibu. Ajabu! Mke wangu amerudi usichana. Hata yeye aliitazama mara mbili.

Siri imepatikana. Ni dari.

Jumatano, 5 Machi

Dari ya Mama ni ya kijani.

Marehemu Baba aliipaka mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Nimekaa chini yake maisha yangu yote na sikuwahi kuiona. Mwanga ulipanda mweupe, ukashuka kijani. Shemeji alipita kuleta dawa za presha, akachungulia kioo cha nyuma ya kamera, akasema, "Mama umependeza, umeiva kama parachichi." Nikamweleza kwamba parachichi la kijani halijaiva. Hiyo haikusaidia.

Na macho? Yamefumba. Kila picha!

Nimegundua sababu, na ni ya kutisha. Flashi ikiachwa ijipimie yenyewe, kwanza hutoa kimwako kidogo cha kupima chumba, ndipo huwaka kwa nguvu. Sisi tunaona mwako mmoja. Kope za Mama zinaona miwili. Wa kwanza unamfumba, wa pili unampiga picha.

Mama aliniuliza kama imetoka. Nikasema tutaangalia. Ananijua. Akanipa chai.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeibadilisha flashi. Haijipimii tena, nguvu naipanga kwa mkono. Mwako mmoja tu. Pia nimeitoa kabisa juu ya kamera na kuiweka kwenye kabati la vyombo la Mama, imetazama ukuta wa pembeni, ambao ni mweupe. Juu ya kamera nimebakiza kirimoti cha kuiamrisha. Dari ya Baba imekomeshwa.

Nikaona niongeze tahadhari. Nikapandisha kasi ya kamera mpaka juu kabisa, ili niwahi kope. Tatizo likazuka. Ndani ya kamera kuna mapazia mawili yanayofuatana. Kasi ikizidi, la pili linafuata kabla la kwanza halijamaliza, unabaki upenyo mwembamba, na flashi inaangaza kipande tu cha picha. Nimefundisha mambo magumu kuliko haya. Sikuyakumbuka.

Mama kuanzia kifuani kwenda chini ametoka vizuri mno. Juu ya hapo ni giza tupu. Mke wangu akasema hongera, sasa tuna picha bora ya magoti ya Mama.

Bado kesho tu.

Ijumaa, 7 Machi

Usaliti! Mdogo wangu amepiga simu, anazunguka zunguka, eti Kaka usikasirike, ni tahadhari tu. Shemeji amemwita fundi wa studio ya picha ya pale sokoni aje kesho saa sita. Tahadhari! Mimi ndiye wa kuchukuliwa tahadhari!

Nikakaa na kufikiri kwa utulivu kwa muda wa kunywa glasi ya maji. Kisha nikampigia fundi. Nikamwambia naongea kwa niaba ya familia, shughuli imesogezwa hadi Jumapili jioni. Akashukuru kwa taarifa. Kijana mwenye adabu.

Nikaweka simu chini. Sasa hakuna wa kunirithi nikianguka.

Mchana Mama akapiga. Amesuka nywele. Amejaribu gauni la bluu. Na tangu asubuhi anajizoeza mbele ya kioo kuyafumbua macho, sasa yanamwasha. Akaniuliza kama safari hii ataipata picha. Nikasema ataipata. Akasema, "Haya mwanangu," kwa ile sauti aliyokuwa akinisindikiza nayo kwenye mtihani.

Jumamosi, 8 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Kaka Mkubwa amefika na habari mbaya. Wamemwita kazini, anaondoka leo, gari linamfuata saa saba. Saa sita wote tulikuwa sebuleni. Mama katikati kwa gauni la bluu, ameshika mikono ya kiti pande zote mbili. Shemeji hakukubali kukaa bure, nikampa flashi aishike juu, aielekeze ukutani. Akaielekeza kwa Mama. Nikamrekebisha. Akaielekeza kwangu. Nikaona nyota. Akasema, "Samahani Mwalimu, mimi si mlingoti."

Nikajaribu kwanza kwa Kaka. Safi! Mwanga laini, hakuna kijani, hakuna giza. Moyo ukatulia.

Nikamgeukia Mama. Nikamweleza kila hatua, asishtuke. Nitahesabu, kwenye tatu flashi itawaka. Moja, mbili, tatu. Amefumba. Tena. Amefumba. Tena, akiwa ameyakodoa mpaka machozi yanamtoka. Amefumba. Mke wangu akaninong'oneza kwamba Mama anafumba kwenye mbili, namwonya mwenyewe. Saa sita na nusu. Mdogo wangu akauliza fundi wa studio yuko wapi. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nimevaa makubazi.

Ndipo wazo likaja. Nisihesabu. Nisiseme lolote. Na kamera isitoe hata mlio! Ina hali ya kimya, nikaiwasha. Nikasimama kama nimechoka, kidole kwenye kitufe, nikabonyeza.

Flashi haikuwaka.

Nikabonyeza tena. Haikuwaka. Nikamwambia Shemeji kaiziba kwa kidole gumba. Akaapa kidole chake kiko huku, akakionyesha. Nikamwambia basi ameigusa betri. Akasema mfamasia hagusi asichokijua, tofauti na walimu fulani. Nikamwambia aseme tena. Akasema tena! Watu wazima wawili, mvi kila mahali, tumeshikana flashi kama watoto na mpira, nami nabonyeza, nabonyeza. Mdogo wangu anatuamua. Na Mama anacheka! Sijamsikia akicheka hivyo tangu Baba afe.

Honi ikalia nje. Kaka akambusu Mama kwenye paji la uso, akaondoka.

Kisha simu ya Shemeji ikaita. Fundi wa studio, anauliza kama ni kesho kwa uhakika. Shemeji aliniangalia, akanirudishia flashi mkononi. Mdogo wangu hakuniaga. Mama alibaki amekaa pale pale na gauni lake. Akasema haidhuru. Afadhali angenitukana.

Jioni nimesoma kijitabu cha kamera. Ukiweka hali ya kimya, flashi haiwaki. Imeandikwa wazi.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi nimefungua picha kwenye kompyuta ili nizifute kabla mtu hajaziona. Za kuhesabu: amefumba, amefumba, amefumba. Kisha zile za kimya. Zina giza. Nikaziongezea mwanga kidogo.

Nikanyanyuka kitini.

Mwanga wa dirishani tu. Shemeji ana kidole gumba hewani. Mdogo wangu ameziba mdomo. Kaka ameinama kumshika Mama bega, anacheka. Na Mama ametazama juu, anatutazama sisi wapuuzi wawili, macho wazi kabisa, makubwa, yanang'aa. Moja, mbili, karibu zote!

Nimeisafisha nzuri kuliko zote, nikampelekea. Aliishika mbali, kisha karibu. Akasema, "Kumbe nina macho ya mama yangu." Akaipapasa kwa kidole. Mdogo wangu, ambaye alikuwa hasemi nami, akaanza kulia. Shemeji akanipa mkono, nikaupokea. Akasema kwa heshima kabisa kwamba picha bora ya maisha ya Mama imepigwa flashi ikiwa imezimwa.

Imenigusa sana, lakini mimi ni mtu wa sayansi. Nimerudi nyumbani nikaitazama tena kwa makini. Shavu la kushoto la Mama lina kivuli. Mkono wa Kaka umekosa ukali, una ukungu. Chanzo kiko wazi: nuru haikutosha. Flashi moja haikutosha.

Nimeagiza ya pili. Nimempigia Kaka aombe ruhusa kazini, arudi tupige upya, safari hii kitaalamu. Mama nimemjulisha. Amesema nisihangaike kuhesabu, ataanza kufumba leo hii, kabla flashi haijafika.

Sikumwelewa, lakini amekubali.