Delege Amédée Anafungua Biro ya Kutambua Sura

Bwana Mukubwa wa Teritware, ambaye kiti yake iko hapa mbele na mwenyewe atafika saa yoyote. Bwana Mukubwa wa Bapolisi, ambaye hakuweza kuja lakini alituma kofia yake. Mon Père wa Katolika na Pasta wa Protestanti, ambao tuliwakalisha mbali-mbali vile inafaa. Bakapita, basimamizi ba shemini de fer, ni kusema reli, na bibi zenu benye viatu. Baevolue, bantu ba masomo, benye karti, na baevolue benye bado kungojea karti. Bamama ba soko, upande wa unga na upande wa samaki. Bakaaji bote ba Kamina benye kujulikana. Na weye muntu mumoja usiyejulikana, uliye chini pale mikono ndani ya kamba: jambo kwenu! Minyi, Amédée, Delege, Musaidizi wa Kwanza wa Komisio ya Kutambua Sura, Katibu wa ile Komisio, Mushika-Muhuri wake, na, tangu Prezida wake arudi Ulaya na homa, Prezida wa kungojea, ninasimama mbele yenu.

(Makofi. Polisi Gaston aliinua fimbo, njo makofi ilitoka. Minyi Mwadi niko nyuma kabisa, kati ya bamama ba samaki, nguo yangu ya kikwembe ku kichwa mpaka ku kidevu. Baridi haiko. Ule mwenye kusema alioa mutoto wangu wa kwanza, Mathilde, na kwetu mukwe na mama ya bibi yake habaangaliane uso. Ni heshima. Tangu ndoa ile sijaona uso ya Amédée, na kwa vile ninaisikia leo, sikukosa kintu kikubwa.)

Bandugu, tangu bazungu baanze kujenga ile uwanja mukubwa ya ndege, Kamina yetu inajaa sura. Kila treni inamwanga sura: sura za Kabongo zenye vumbi ya mashamba, sura za Luena zenye makaa mu masikio, sura za Kinkondja zenye kunuka ziwa, bila kusema sura za Kasai, zenye kushuka na sanduku mbili na kusema eti zinapita tu. Na serikali inauliza, kwa mudomo yangu, sababu serikali ikiwa na swali nzuri inatafuta mudomo nzuri: huyu nani? Anatoka wapi? Nani alimupa ruhusa? Muntu hawezi kuota hapa hivi-hivi tu, sawa majani!

(Germaine, karibu yangu, anasema pole: "Majani ilikuwa hapa kabla yake." Tunacheka ndani ya vikwembe.)

Kwa hivyo Komisio, kisha ya mikutano mingi na chai mingi, ilitengeneza prosediri, njia ya kufuata. Ninasikia ku soko banasema eti bapolisi banashika bantu kwa kuangalia sura. Uongo! Kalomni! Hatushike sura, tunashika alama. Alama ya kwanza ni mutembeo: mwenye kutembea mbio anakimbia kintu, mwenye kutembea pole anatafuta kintu, na mwenye kusimama anachunga kintu. Alama ya pili ni harufu: mwenye kunuka samaki anatoka ku ziwa, na mwenye hanuke samaki, munieleze, anaficha nini? Alama ya tatu, yenye minyi mwenyewe nilivumbua nikinyoa ndevu, ni alama ya lupango, ni kusema boma ya nyumba: polisi anapeleka muntu mpaka ku mulango ya lupango yenye anasema ni yake, anaita mama mukubwa wa pale, na anaangalia. Mama akifurahi, muntu anajulikana. Mama akificha uso na kukimbia, muntu hajulikane, na tena iko hatari. Wazi sawa maji ya kisima!

(Hapa ninauma kikwembe na meno yenye ilibaki.)

Wengine banauliza: na buku? "Delege, mulitukamata buku zetu za kitambulisho wakati wa mvua, mulisema mutabandika foto ndani, na sasa polisi anatushika juu ya kukosa buku." Swali ya akili ndogo, lakini ninaijibu. Mutoto akiachishwa maziwa ili ale bukari, ugali ya bakubwa, kati ya maziwa na bukari iko siku ya kulia. Bandugu, muko mu ile siku. Mulie kwa utaratibu! Statistiki inasema nini? Inasema: katika kila bantu mia tulioshika, bantu mia habakukuwa na buku. Mia ku mia! Kabla ya Komisio bantu bengi walitembea na buku mu mufuko, na kazi ya bapolisi ilikuwa nguvu sana. Leo hata polisi wa kuandikwa jana anafaulu. Hii njo banaita progre, maendeleo.

(Makofi ya Gaston peke yake. Mwanaume moja, upande wa bantu ba reli: "Delege, buku zetu ziko wapi?")

Ziko mu Biro, ofisi yetu mupya.

("Na Biro iko wapi?")

Iko nyuma ya hii kitambaa, ndugu yangu, na itafunguliwa ku mwisho ya hotuba, vile Ulaya banafanya. Hakuna muzungu mwenye anafungua nyumba kabla ya kusema.

(Ile kitambaa nyeupe ilifungwa juu ya mianzi mbili, mirefu, hauone nyuma. Lakini minyi ninaijua. Ni mashuka ya Mathilde. Nilimupa siku ya ndoa, nilishona kona zote nne na mukono hii. Banatoa mashuka ya mutoto wangu ku kitanda, banaiita serikali.)

Sasa muangalie mufano hai. Huyu chini hapa anajiita Abner. Anasema ni fundi wa reli. Anasema alizaliwa hapa nyuma ya la gare, stesheni ya treni. Anasema baba yake alitoka Kasai kuweka reli wakati hapa hakukukuwa hata kibanda. Anasema! Polisi Gaston alimukuta anasukuma kinga yake, baiskeli, pole-pole, furushi ya samaki nyuma ya kiti: mutembeo na harufu, alama mbili mara moja. Buku? Hana. Akamupeleka ku lupango. Mama mukubwa wa pale alitoka, alimuona, alirusha kikwembe ku kichwa na alikimbia nyuma ya jikoni, na huyu mwenyewe aligeuka uso yake ku ukuta sawa mwizi. Alama ya tatu! Kwa hiyo treni ya Kasai ikiondoka leo, kisha ya hotuba, Abner atakuwa ndani, na atarudi kwao.

(Kwao! Hajakanyaga Kasai hata siku moja. Kule hata mbwa haimujue. Na ule mama mukubwa ni minyi, nilikuwa kwa Ndaya kumusaidia kazi ya jikoni. Abner alioa mutoto wangu wa pili, Ndaya, yenye tumbo yake ya mimba inafika hapa. Nilimukimbia Abner sababu ni mukwe wangu, vile mama mwenye akili anakimbia. Gaston anatoka inchi yenye mukwe na mama mukwe banapeana mukono na kuulizana habari ya mbuzi. Yeye hajue, simukasirikie. Lakini Amédée! Mwana wa hapa, yenye akiona kivuli yangu ku njia anaingia mu mutaro na viatu yake! Amédée, yenye anakula sahani moja na Abner kila Noeli! Ndaya anasimama, mikono juu ya tumbo: "Shemeji Amédée! Unamujua! Ule samaki ilikuwa ya nyumba yako!")

Mama ule akae chini. Ninamujibu kufuatana na prosediri. Minyi Amédée, mu nyumba, mbele ya sahani, ninamujua. Minyi Delege, hapa juu, simujue, na Amédée hana ruhusa ya kuzungumuza na Delege bila kumuandikia barua.

("Akae chini yeye mwenyewe!" Bantu banacheka, lakini ile kicheko haina mafuta. Ku la gare masini ya treni inapiga firimbi ya kwanza.)

Ninasikia masini, nitafupisha. Bandugu, mu hii Biro mutaona maajabu. Mashini ya foto itatoka Ulaya, itapiga sura ya mbele, sura ya ubavu, na sura ya nyuma kwa benye kukimbia. Kutakuwa dirisha ya bamama, dirisha ya batata, ni kusema babaume, dirisha ya benye haraka, na mbele ya ile dirisha ya benye haraka tutaweka benchi ndefu. Mulango ya kuingia itakuwa moja. Ya kutoka, Komisio bado inafikiri. Na kila sura—

(Gaston, yenye anajua maneno ya Komisio kwa kichwa: "—na buku yake!" Bantu: "Iko wapi?")

Kila sura—

(Bantu, nguvu sasa: "Iko wapi?" Na minyi ninasimama. Germaine ananishika mukono: "Mwadi, ona haya!" Ninamuambia: "Haya iko ya mwenye kufunga mukwe wangu kamba. Niache." Lakini desturi siivunje, sikuzaliwa mu shimo. Ninafunika kichwa, ninageuza mugongo, na ninaenda mbele kinyumenyume, kati ya bantu, matako njo inaongoza. Banafungua njia. "Mama, kushoto kidogo!" "Nkambo, iko jiwe!" "Asitembee pole, batamushika!")

Ndani ya Biro hii, nilikuwa ninasema, kutakuwa na enki ya kuandikia, rangi mbili, na... nani ule anakuja na mugongo? Mama, simama. Mama, rudi kwa bamama! Gaston, mushike... hapana, Gaston, usimuguse, ni mama muku... ni raia tu! Mama, ninakuomba, kwa bankambo bangu, babu zangu bote, usifike hapa, minyi niko mu kazi ya serikali...

(Ninafika. Nyuma yangu sione kintu. Ninaona tu nyuso za bantu, na midomo yote inafunguka mara moja. Ninasikia kitambaa inapasuka ku kona, hata kona yangu nilishona muzuri!, na mianzi inaanguka. Germaine, kule nyuma, anapiga kelele: "Delege anajifunga na mashuka! Kichwa na mabega yote! Abner naye anaingiza uso mu magoti!" Kisha kelele yake ingine, kubwa kuliko ya kwanza: "Eh! Mihogo yangu! Ile Biro yabo ni mihogo yangu! Na mbuzi ya nani inakula sombe, majani yake, mule ndani?" Bantu banaanguka juu ya bantu kwa kucheka. Gaston hacheke. Gaston ni muntu wa prosediri. Anauliza muzuri tu, kwa sauti ya kazi: "Delege, mama anaficha uso, ule wa kamba anaficha uso, na weye unaficha uso. Alama ya tatu, mara mbili. Buku yako, Delege?")

Buku yangu... iko mu Biro.

(Inchi yote: "Iko wapi?" Masini inapiga firimbi ya pili. Ndaya analia kwa nguvu, na kicheko inakatika. Basi ninasema, mugongo yangu ku serikali: "Mukwe wangu, sikuangalie na weye hauniangalie, tuko muzuri. Minyi bakwe zangu sibajue ku uso, sijabaona uso hata siku moja. Ninabajua ku vile banakimbia. Mbio yako na mbio ya huyu chini ni moja. Uko mu mashuka niliyoshona na mukono yangu. Sema sasa: unamujua ao haumujue? Ukisema haumujue, minyi ninageuka.")

Hapana! Mama, usigeuke! Bandugu... munisikie, sauti inatoka vibaya ndani ya hii shuka... Bandugu, Delege anapokea sasa hivi barua ya Amédée, anaisoma, anaikubali. Abner anajulikana. Ni fundi wa reli, alizaliwa nyuma ya la gare, alioa ndugu ya bibi yangu, na ile samaki ilikuwa yangu, niliituma minyi mwenyewe. Gaston, fungua kamba. Alama ya tatu inalala kwanza, na alama ya kwanza na ya pili zitalala pamoja nayo juu ya kuisindikiza.

(Makofi, na leo fimbo ya Gaston iko chini.)

Inabaki shukrani, na kwa sababu nimefunikwa na hamuone uso yangu, nitashukuru bila kusahau muntu. Aksanti kwa Mama Germaine, yenye shamba yake tuliifunga na mianzi bila kumuuliza. Wakati wa kutoka, musikanyage mihogo. Aksanti kwa bibi yangu Mathilde kwa mashuka, na tena kwa kuchunga buku zenu mu sanduku ya sabuni chini ya kitanda, pahali kuku yetu inalalia mayai; mukuje kuzikamata leo, pole-pole, kuku iko na hasira. Aksanti kwa mashini ya foto, yenye hakuna muntu aliandika kuiomba. Aksanti kwa Prezida mwenye homa ya Ulaya, muntu muzuri sana, hakukuwako hata siku moja. Komisio ni minyi. Bwana Mukubwa aliniambia siku moja, akipanda motokari: "Amédée, angalia-angalia bageni." Zingine zote niliongeza. Kila sura—

("Iko wapi?")

Iko hapa ndani. Muishi Kamina! Muishi benye kujulikana, na benye watajulikana kesho! Aksanti sana. Sasa muntu mumoja anishike mukono anishushe, sione njia.

(Banasema Abner njo alimushika mukono, na alama ya kamba bado ku kifundo. Minyi sikuone, nilikuwa nimegeuka mugongo na ninarudi kwa Ndaya wangu. Mashuka ninaingojea ifuliwe, na ile kona ishonwe.)