Vita vya Ruweida na Kihori cha Mlonge

Sogeeni, nyinyi mliochoshwa na habari za wafalme waliogombania nchi wasizozilima, msikie tendo lililo zito kuliko yote hayo: jinsi Ruweida binti Fuad wa Voi, Mtwanga Kinu, Mwenye Kanga Iliyokazwa Kiunoni kama Mshipi wa Vita, alivyolikabili jeshi jeupe la kuku wa nyama waliogoma kula.

Chanzo cha vita kilikuwa walima. Khairat, wifi yake, alikuwa anaolewa wiki iliyofuata. Wageni wangetoka Taveta na Maungu. Na Mama Mwanamvita, mkwewe, Malkia wa Masufuria, alikuwa ametangaza kwamba hapendi kuwalisha watu kuku waliokuzwa kwa dawa za dukani. Ruweida akasimama mbele ya ukoo, akaahidi kwamba kuku wake wataongezewa majani ya mlonge, kitunguu saumu na manjano, basi. Shemeji yake Amin, Bwana wa Mabanda ya Mraru, ambaye kuku wake hunywa dawa kama wazee wanywavyo kahawa, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji," akasema, "hao ukiwachinja usihangaike kutafuta mchicha. Watakuwa mchicha wenyewe."

Ruweida akaingia vitani, na papo hapo akafanya kosa ambalo ni mwanamke aliyelelewa katika jiko la watu wa pwani tu angeweza kulifanya: aliutayarisha mchanganyiko ule kama bizari ya pilau. Aliukausha, akaukaanga juu ya makaa, akautwanga, akauchekecha kwa chekeche la unga wa mahamri, akautwanga tena hadi ukawa laini kama poda ya mtoto, kisha akaumwaga juu ya chakula cha kuku kwa taadhima ya mtu anayemwaga marashi.

Harufu ilivuka ua, ikavuka barabara. Dinah, jirani aliyeshuka kutoka milima ya Taita, alitokea na sahani mkononi akauliza kama harusi imewahishwa. Mwendesha bodaboda alizima pikipiki langoni akataka kujua kama wanauza. Mtaa mzima ulitekwa isipokuwa wale waliokusudiwa. Ulimi wa kuku una vionjo vichache mno, na pilau haimhusu. Mashujaa wale waliokota punje za mahindi moja moja, kwa ustadi wa sonara, wakauacha unga wa kijani umelala ndani ya kihori cha kulishia kama vumbi la njia kuu. Kila walipoongezewa chakula, waliokota tena, wakaacha tena, na vifua vyao vikaanza kunywea.

Mama Mwanamvita akaja mwenyewe bandani. Alimnyanyua kuku mmoja, akampima kwa kiganja, akamrudisha chini.

"Ruweida mwanangu," akasema, "ikifika adhuhuri hawajala, Amin ataleta wa kwake. Dawa zao tutazimeza kwa Bismillahi."

Amin, nyuma yake, alikuwa tayari ameshatoa simu.

Ruweida alichuchumaa mbele ya kihori akawachunguza adui zake. Jike moja nene lilitoka kunywa maji, likauchovya mdomo uliolowa ndani ya chakula, likautoa ukiwa wa kijani hadi karibu na macho, likatikisa kichwa, kisha likameza kilichonata. Ruweida akaelewa. Adui hakuwa na chuki na mlonge. Alikosa kijiko tu.

Akaleta maji, akanyunyiza kidogo kidogo, akivuruga kwa vidole hadi kila punje ikavaa koti la kijani. Jua la Voi lilikuwa linachoma mabati, na chakula kilicholowa katika joto lile huchacha upesi; hapakuwa na kurudi nyuma. Amin alichungulia, akauliza kama kuku watapewa na vikombe vya kunywea huo uji.

Ndipo Ruweida akainuka, mikono ya kijani hadi viwikoni, akahutubu. "Amin, shemeji yangu, wiki nzima umesema na hujakauka koo. Mimi tangu niolewe nyumba hii sijaona mtu aliyeondoka mbele ya chakula changu na njaa. Hawa hawataanza."

Akakisukuma kihori mbele. Jike lile nene likadonoa mara moja, likatafakari, likadonoa tena. Kisha midomo ikashuka yote kama mvua juu ya bati. Wakapandana migongo, mmoja akaingia kihorini kwa miguu yote miwili, na mahindi, mlonge, saumu na manjano vikaenda safari moja.

Mama Mwanamvita akainama, akapitisha kidole chini ya kihori, akakitazama. Kilikuwa safi.

"Amin," akasema, "watafutie kuku wako harusi nyingine."

Na iandikwe penye kudumu, wajukuu wakaririshwe: kwamba katika mji wa Voi, adhuhuri ikiwa bado haijaadhiniwa, mbele ya mashahidi wenye akili timamu, kuku walikula chakula cha kuku.