Shemeji Aliyeuza Serengeti

Mwaka ule sangara wa Mwanza alikuwa ameanza kupanda ndege kwenda Ulaya, na Shimba alikuwa wa kwanza kugundua kwamba wenye sangara wanaumia roho. Samaki anakatwa minofu, anawekwa kwenye barafu, anaruka. Tajiri wake anabaki sokoni Mwaloni ananuka magamba. Mtu mwingine angeona hapo biashara ya samaki. Shimba, ambaye Mungu alimpa ulimi akamnyima aibu, aliona biashara ya wivu.

Akanunua suti ya kaki ya mtumba, akapanga chumba Mabatini, akabandika ukutani twiga aliyemkata kwenye kalenda. Kampuni ikawa imezaliwa. Siku tatu Serengeti, siku nne ufukweni Unguja, malipo kabla ya safari. Madalali wanne wa samaki, wale waliozoea kukanyaga mizani kwa kidole cha mguu, walilipa ndani ya wiki moja wakaenda kununua kofia za majani. Mimi siwalilii, na wewe usijisumbue.

Aliyebaki ni Adongo, mjane wa makamo mwenye mitumbwi sita pale Kirumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Samaki wa leo wamekwisha."

"Sikufuata samaki. Nimekuja kukuuliza: sangara wako amefika Ulaya, wewe umefika wapi?"

Adongo akafikiri. "Shirati na kurudi."

"Basi nimekuja kukutoa. Kwanza Serengeti, ukaone viboko."

"Shirati kiboko alikula mahindi ya mama yangu miaka mitatu mfululizo. Leo nikamlipe tena?"

"Yule alikukuta mkulima, mama. Huyu atakukuta mtalii, atasimama umpige picha. Halafu ufukweni, unalala tu."

"Ufukwe si huu hapa?"

"Ziwa ni la kazi. Bahari ni ya kulala."

Adongo alicheka, lakini mkono haukwenda kwenye pochi. Shimba akaona atoe karata yake kubwa. Alikuwa amekulia Igogo, ukuta kwa ukuta na Wajaluo, na lugha yao aliijua kama ya mama yake. Akainamisha kichwa, akasema kwa Kijaluo, kwa sauti ya msibani, "Sikutaka kusema. Marehemu Odero, mumeo, ni kaka yangu. Baba mmoja."

Adongo alimtazama kutoka viatu hadi kichwa, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Shemeji," akasema, "miaka yote hii ulikuwa wapi? Njoo nyumbani Jumamosi. Kaka zangu wanakuja kutoka Shirati, wakikusikia nao watalipa. Na uje na mkoba wako, waone kwamba wenzao wamelipa kweli."

Jumamosi Shimba akaenda na mkoba, akipanga kuondoka mjini kwa treni ya jioni. Aliwakuta kaka watano wamekaa kwenye viti, yeye akapewa kigoda katikati. Mkubwa wao, Okech, alishika fimbo na hakuwa na haraka.

"Wewe ni ndugu wa Odero?"

"Damu moja, shemeji."

"Unasema hivyo mbele ya wote hawa?"

Shimba, aliyekwisha kuhesabu wateja watano wapya, akaapa kwa kaburi la Odero.

"Tunashukuru," Okech akasema. "Odero alimchukua dada yetu kwa ng'ombe sita, akaleta wawili, akafa. Mtu hafi na mahari, ndugu zake hubaki nayo. Binti yake, Rose, ana mchumba. Mwaka wa pili sasa ng'ombe wa mchumba hawawezi kuingia hapa, maana wa mama yake hawajaisha kulipwa. Tulikuwa tunatafuta mtu wa ukoo. Leo umekuja mwenyewe."

Rose alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama Shimba kwa matumaini ambayo hakuna aliyewahi kumtazama nayo, na Shimba akaona aibu, kitu kigeni kwake. Ikapita upesi, kwa sababu kaka mdogo alikuwa ameshafungua mkoba na kuanza kuhesabu ng'ombe wanne kwa bei ya mnada.

"Wazee, ngojeni," Shimba akasema, jasho linamtoka. "Mimi si Mjaluo. Ni Msukuma wa Igogo, naitwa Shimba. Hakuna kampuni, hakuna Serengeti. Pesa hizo nimewatapeli madalali. Mimi ni mwizi."

Ulikuwa ukweli wake wa kwanza tangu kipaimara. Kaka watano wakatazamana. Okech akaweka fimbo chini, uso umemlainika.

"Nilikuwa na mashaka kidogo," akasema. "Sasa nimeamini. Odero naye kila akidaiwa ng'ombe alibadilisha kabila."

Adongo alimsindikiza hadi njiani, kama inavyompasa mtu kwa shemeji yake. Nyuma yao Rose alikuwa ameanza kulia kwa furaha, na wajomba zake wanamtania.

"Mama, wewe unajua," Shimba akanong'ona.

"Najua. Odero alizaliwa peke yake." Akatembea hatua chache. "Madalali niachie mimi. Nikiwatajia mizani watanyamaza. Ila harusi usikose, baba mdogo ndiye anayekaa mbele."

Shimba akaitikia kwa kichwa.

"Miaka yote nilikuwa sina moyo wa kutoka, kwa ajili ya huyu mtoto," Adongo akasema. "Sasa nataka kuiona hiyo bahari ya kulala. Hebu niambie, nauli ya kufika Unguja ni kiasi gani?"

Shimba akamtajia ya treni, akamtajia na ya boti. Hakuongeza hata senti.